Kabla ya Kutundika Dripu

Mzazi aliyefika hospitalini usiku na mtoto anayechemka homa hutulia akiona dripu imetundikwa. Huenda daktari bado hajajua ugonjwa ni upi, lakini ile chupa ikishaning'inia juu ya kitanda na matone yakaanza kushuka, uso wa mama hubadilika. Namwelewa kabisa. Ametoka Mukuru au Kariobangi kwa bodaboda saa nane za usiku, mfukoni amebaki na nauli ya kurudi au hata hiyo hana, na anataka kuona kitu kinafanyika. Dripu inaonekana. Sindano inaonekana, tena inasikika, maana mtoto hupiga mayowe. Dawa ya kunywa, machoni pake, ni kitu ambacho angekipata kwenye duka la dawa la mtaani bila kukesha kwenye benchi.

"Sista, kwani hamumwekei maji?" Swali hilo nimeulizwa katika kila wodi ya watoto niliyofanya kazi hapa Nairobi, kwanza nikiwa muuguzi wa zamu kama wenzangu, na siku hizi nikiwa upande wa utafiti, ambako kazi yangu ni kukaa na wazazi, kuwaeleza kuna jambo gani tunalichunguza, na kuwaomba ridhaa. Nataka kulijibu kwa urefu. Jibu lake lilipatikana kwa gharama kubwa, katika hospitali za Afrika Mashariki, na wazazi wengi wa jiji hili hawajawahi kuambiwa.

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha hivi: ukimwona mtoto mwenye homa kali, miguu yake imekuwa baridi, moyo unakimbia, na ukimbonyeza kucha damu inachukua sekunde tatu au zaidi kurudi, basi damu yake haizunguki vizuri. Mmiminie maji mengi kwenye mshipa, haraka. Fundisho hilo lilitoka kwenye nchi ambazo hospitali zake zina vyumba vya wagonjwa mahututi. Maji yakizidi mwilini kule, kuna mashine ya kumpumulia mtoto na kuna mtu wa kumwangalia dakika kwa dakika. Huku kwetu lilipokelewa jinsi lilivyo. Pale lilipokosa kufuatwa, sababu ilikuwa uhaba wa vifaa, na uhaba huo ulihesabiwa kuwa aibu.

Timu iliyoongozwa na Profesa Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, ikaamua kuliweka fundisho hilo kwenye mizani. Utafiti uliitwa FEAST, ukafanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waliofika wakiwa na hali niliyoieleza waligawanywa katika makundi matatu bila daktari kuchagua nani aende wapi. Wawili kati ya kila watatu walimiminiwa maji kwa haraka, wengine albumini, yaani maji yenye protini ya damu, wengine maji ya chumvi. Kundi la tatu halikumiminiwa. Lilipata maji ya kawaida ya polepole tu. Dawa za malaria, za bakteria, na damu kwa waliohitaji, zilitolewa kwa wote.

Mwezi Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto ikasema msiandikishe tena. Ndani ya saa 48, waliofariki katika makundi mawili ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi ambalo halikumiminiwa, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 waliopewa kile ambacho sote tuliamini kinaokoa, watatu zaidi walikufa.

Jambo hili haliniishi moyoni kwa sababu naijua wodi. Tofauti ya watatu katika mia haionekani kwa macho. Muuguzi anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu asiione. Mtoto mahututi akifariki akiwa na dripu mkononi, hakuna anayeishuku dripu. Tunasema ugonjwa ulikuwa umezidi, tunamfariji mama, tunaandika kwenye faili. Akipona, tunaishukuru dripu. Uzoefu wetu wote, na upendo wetu wote kwa wale watoto, haungetufikisha kwenye ukweli huo hata kwa miaka 30. Ulifikiwa kwa sababu kuna wazazi zaidi ya elfu tatu waliokubali watoto wao wahesabiwe.

Hapa nisieleweke vibaya, maana mtu anaweza kusoma hadi hapa akaenda kukataa dripu. Watoto waliokuwa wakiharisha hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara anahitaji maji, kwa kinywa au kwa mshipa, na anayahitaji upesi. FEAST ilihusu homa kali na mzunguko wa damu, basi. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikurekebisha mwongozo wake wa dharura za watoto hadi mwaka 2016. Miaka mitano. Kwangu mimi miaka mitano ni mingi mno kwa jambo lililokuwa limeshapimwa na kujulikana.

Sasa tuje kwenye sindano. Zamani mtoto mwenye nimonia ambaye kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi alilazwa akadungwa penisilini kila baada ya saa sita. Mliowahi kulala wodini na mtoto mnajua maana yake: saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku, saa kumi na mbili alfajiri, saa sita mchana, halafu tena. Mtoto akiona sare tu anaanza kulia kabla hujamgusa. Kanula, kile kijibomba cha plastiki kinachoachwa kwenye mshipa, inaziba. Mkono wa kushoto umevimba, unahamia wa kulia, kisha mguuni, kisha unamnyoa nywele pembeni ya kichwa utafute mshipa hapo huku mama akigeukia ukuta. Nimezishika kanula hizo usiku kwa usiku nikiamini hakuna njia nyingine.

Shirika la Afya Duniani lilipoanza kupendekeza watoto wa aina hiyo wapewe amoksilini ya kunywa, madaktari wa Kenya walisita, kwa kuwa ushahidi mwingi ulikuwa umetoka Asia. Mimi nasema walikuwa na haki ya kusita. Watoto wetu wana utapiamlo, wengine wana virusi vya Ukimwi, wengine wana malaria na nimonia kwa pamoja. Badala ya kubishana mkutanoni, walipima. Daktari Ambrose Agweyu na wenzake waliandikisha watoto 527 katika hospitali za Kenya, wengine wakadungwa penisilini, wengine wakanywa amoksilini. Baada ya saa 48, matibabu yalikuwa yameshindwa kwa asilimia 7.7 ya waliokunywa na asilimia 8.0 ya waliodungwa. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2016 ukaandikwa upya, na watoto wa Kenya wakaepushwa na sindano zisizo na hesabu.

Halafu kazi ikaendelea, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Tangu mwaka 2013 kuna mtandao wa hospitali za umma nchini ambamo karani wa takwimu huchukua faili la kila mtoto aliyetoka wodini, awe amepona au amefariki, na kuingiza kwenye kompyuta kilichoandikwa: uzito, joto, dalili, dawa, siku alizolala. Kutokana na mafaili hayo, watafiti walichapisha mwaka 2018 kwamba miongoni mwa watoto ambao mwongozo mpya haukuwahesabu kuwa na nimonia kali, wale waliopauka sana na wale wenye uzito mdogo kwa umri wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto amoksilini na kumruhusu aende nyumbani, funua kope la chini uangalie wekundu wake, mweke kwenye mizani. Yule muuguzi aliyeandika "amepauka" kwa mwandiko unaosomeka saa tisa usiku alikuwa anafanya utafiti bila kujua. Wenzangu, andikeni vizuri. Kuna mtu anasoma.

Upande wa ridhaa ndio watu wanaoniuliza sana, na ndio unaosemwa vibaya sana mitaani. "Wanatufanya panya." "Damu wanapeleka wapi?" Siwezi kuwacheka wanaosema hivyo, maana katika historia ya bara hili kuna watu waliopimwa bila kuulizwa. Hofu yao ina msingi. Ninachoweza ni kueleza tunavyofanya sasa.

Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minane nilikaa naye kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, fomu ya Kiswahili mkononi. Nilimsomea polepole. Nilimwambia kuna dawa mbili, zote zinatumika nchini, na hatujui ipi ni bora kwa watoto kama wake. Akanikatiza.

"Yaani daktari hajui?"

"Hajui, mama. Hata mimi sijui. Ndiyo maana tunataka kupima."

"Na nani atachagua ya mtoto wangu?"

Nikamwonyesha bahasha zilizofungwa, zenye namba, ambazo hakuna kati yetu anayejua kilichomo hadi ifunguliwe. Hilo halikumpendeza. Alitaka daktari mwenye macho yake amtazame mtoto wake na kuamua. Kisha akauliza swali ambalo karibu wote hulizunguka bila kulitamka: "Nikikataa, mtatuondoa hapa kitandani?"

Nikamwambia hapana, na kwamba hata akikubali leo anaweza kujitoa kesho bila kueleza sababu. Akampigia simu baba ya mtoto, wakaongea Kikamba kwa muda, akarudi akasema hapana, asante. Nikamshukuru. Asubuhi nilikuja na dawa ya mtoto ile ile aliyoandikiwa na daktari wa zamu, nikampima joto, nikamuuliza kama amenyonya. Nataka msomaji wa Nairobi ajue kwamba hapana ya mama yule ni sehemu ya utafiti mzuri. Mahali ambapo hakuna anayekataa, mimi huingiwa na wasiwasi. Huenda watu wanaogopa.

Ugumu mkubwa ni dharura. Mtoto anayedegedega au anayepumua kwa shida hawezi kungoja kurasa sita zisomwe. Katika FEAST, mzazi aliyekuwa katika hali hiyo alielezwa kwa maneno machache, akakubali au akakataa kwa mdomo, halafu akaelezwa kwa kirefu na kutia sahihi baadaye mtoto akishatulia. Wapo wanaoona hilo si sawa. Mimi nimelifikiria sana na nimefika hapa: kumlazimisha mama asome na kutia sahihi wakati mtoto anamfia mikononi ni ukatili, na kuacha kabisa kufanya utafiti wa dharura ni kuwaacha watoto mahututi na mazoea ambayo hayajapimwa. Maneno machache ya kweli, kisha maelezo kamili. Mzazi aliyefiwa katikati ya hayo anahitaji upole na muda, si karatasi mbele yake siku ya msiba.

Upande wa vipimo hali ni mbaya zaidi kuliko upande wa dawa. Ni nani Nairobi hajawahi kuambiwa ana taifodi? Unaingia kliniki ya mtaani na homa na kichwa kinauma, unatolewa damu, baada ya dakika chache unaambiwa, "Una malaria kidogo na taifodi." Kwanza malaria. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na wengi wanaougua malaria hapa wametoka safari ya magharibi mwa nchi au Pwani. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa apimwe kwanza na vimelea vionekane kabla ya kupewa dawa. Hilo angalau limeshika, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria ni kizuri na si ghali.

Taifodi ndiyo taabu. Kipimo kinachotumika sana kwenye kliniki hizo ni Widal, kilichobuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Sampuli ya damu ya mgonjwa inachanganywa na bakteria waliouawa, kisha unaangalia kama bakteria hao wanashikamana vipande vipande. Kinachoangaliwa ni kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotengenezwa kupigana na ugonjwa. Kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, huletwa na chanjo, na hata bakteria wengine wa jamaa hiyo huweza kuzichochea. Katika mji ambao watu wengi wamewahi kunywa maji machafu, kipimo cha namna hiyo kitamwambia nusu ya foleni kuwa ni wagonjwa. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha bakteria: damu inatiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inawekwa kwenye joto la mwili, mnangoja siku kadhaa. Inahitaji maabara nzuri, na hata yenyewe hukosa wagonjwa wengi.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) walifanya hivyo Kibera kwa miaka, wakiwafuatilia watu nyumbani na kliniki na kuotesha damu ya wenye homa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba taifodi ya kweli Kibera ipo, ni nyingi, watoto ndio wanaoumia zaidi, na ni nyingi kuliko ilivyoonekana kwenye eneo la mashambani magharibi mwa Kenya walilolilinganisha nalo. Kwa hiyo mambo mawili ni kweli kwa pamoja. Taifodi ipo Nairobi, na wengi wanaoambiwa wanayo hawana. Nimempokea mtoto aliyekuwa ametibiwa taifodi mtaani, dozi baada ya dozi, mpaka akaletwa kwetu shingo imekakamaa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Siku zilizopotea kwenye dawa za taifodi ndizo zilizokuwa za thamani. Utafiti ambao ningependa kuuona ukifanyika kesho asubuhi ni wa kipimo cha taifodi cha bei ya kliniki ya mtaani ambacho kimethibitishwa kwa wagonjwa wa Kibera, Mathare na Mukuru wenyewe.

Wanaosema utafiti ni mambo ya kigeni yaliyoletwa juzi wasome kuhusu kifua kikuu. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika kwa wagonjwa wa hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wakati huo dozi ya kawaida ilikuwa miezi 18. Utafiti ulionyesha kwamba ukiongeza dawa iitwayo rifampisini, miezi sita inatosha na wachache sana ndio wanaorudiwa na ugonjwa. Matibabu ya miezi sita yaliyoenea duniani kote yamesimama juu ya kazi ile. Mgonjwa anayemaliza dozi yake London ana deni kwa watu waliolala kwenye vitanda vya Afrika Mashariki zaidi ya miaka 50 iliyopita, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa walichowafanyia walimwengu.

Hilo la kutoambiwa bado tunalo, na linaniuma. Mzazi anatia sahihi, mtoto anapona, wanarudi Dandora, utafiti unaisha baada ya miaka miwili, matokeo yanachapishwa kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo hata mimi wakati mwingine siwezi kulifungua bila kulipia. Yule mama hajui kama dawa ya kwenye bahasha yake ndiyo iliyoonekana bora. Alitupa kitu kikubwa nasi tukanyamaza.

Kwa hiyo ukiwa wodini na mtu kama mimi akaja na fomu, muulize mambo haya bila woga. Mtoto wangu angetibiwa vipi kama nisingejiunga? Kamati gani ya maadili imeupitisha, na kama ni dawa, je, Bodi ya Famasia na Sumu imeuidhinisha? Mtachukua damu kiasi gani, na itakaa wapi? Namba ya simu ya kamati lazima iwe kwenye nakala yako ya fomu. Ondoka nayo, usiiache mezani. Na mwisho muulize, mtaniambiaje mlichokipata? Akibabaika hapo, mkumbushe kuwa ni haki yako.

Watafiti ninaofanya nao kazi nimekuwa nikiwaomba waweke kwenye bajeti, tangu siku ya kwanza, karatasi moja ya matokeo kwa Kiswahili chepesi ya kubandika kwenye ubao wa wodi, na ujumbe mfupi wa simu kwa kila mzazi aliyeacha namba yake, wakiwemo waliofiwa kama watapenda kupata. Baadhi wamekubali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mkutano mmoja hotelini Westlands.